Kioo cha Ubavuni cha Gari la Baba Mkwe

Treni niliiona mara ya kwanza Malampaka, nikiwa bado navaa shuka la kufunga begani. Tulikuwa tumepeleka pamba kwa mkokoteni, mimi na baba yangu mzazi na maksai wetu wawili, mmoja mweusi, mwingine wa madoa. Huyu wa madoa alikuwa mkaidi. Aliposikia lile dude linapiga honi akakunja magoti, akalala chini na nira shingoni. Baba akamchapa, akamsihi, akamkunja mkia, wapi! Watu wa stesheni wakawa wanacheka, na baba yangu hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Akaanza kuwajibu mmoja mmoja, na pamba ikabaki pale pale.

Mimi nikapata nafasi, nikasogea kwenye behewa. Dirishani alikaa mama mmoja mnene, kioo kimefungwa. Kwetu madirisha yalikuwa matundu ya kuziba kwa matambara, kioo cha dirisha sikuwa nimekiona kwa karibu. Nikaona mtoto mchafu ananitazama. Nikamtolea ulimi, naye akanitolea. Yule mama akacheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga, ndipo nikajua yule mchafu ni mimi. Treni ikaondoka nikiwa bado nimeshangaa. Maksai naye, treni ilipokwisha kwenda, akainuka mwenyewe kama hakuna kilichotokea. Baba hakunipa andazi siku hiyo, kwa hasira za ng'ombe.

Tangu hapo nikawa mtu wa kupenda vioo. Shule niliishia darasa la tatu, sifichi, kuandika huku nimejifunzia ukubwani. Nikapata kibarua cha kufagia gereji ya ushirika wa pamba, ile ya malori. Wenzangu waliojifunza ufundi waligombea injini, maana mtu wa injini ndiye anayeitwa fundi. Vioo hakuna aliyevitaka. Vinakata mikono, na kikipasuka wewe ndiye wa kulaumiwa. Mimi nikavitaka. Lori likija limepigwa jiwe, wananiita. Nikavifunga vioo vya malori miaka mingi, na mkono huu wa kushoto una makovu mpaka leo, mjukuu wangu huyahesabu akidhani ni chanjo.

Halafu ikaja ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na mizani yao, kila kijiji mizani. Ushirika ukaanza kukohoa, malori yakakaa juu ya mawe bila matairi, sisi tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Sijaitwa. Nikachukua spana zangu, nikaanza kutengeneza magari ya watu Bariadi mjini, pembeni ya stendi, chini ya jua. Leo unafukuzwa na mgambo, kesho na mwenye duka kwamba mafuta yako yanachafua baraza lake. Nilichokuwa nakosa ni mahali. Mtu mwenye mahali pake, hata akiwa na spana moja, watu wanamfuata. Mtu asiye na mahali, wateja wanamkuta amehamishwa.

Sasa baba mkwe wangu alikuwa na kiwanja kando ya barabara ya Lamadi, pale mji wa Bariadi unapoanzia. Kiwanja kizuri, cha tambarare, gari linaingia bila kupiga rivasi. Nilikitamani tangu siku ya kwanza kukiona. Lakini baba mkwe alikuwa na wakwe wawili, mimi na mwenzangu aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Yule mwenzangu alikuwa wakala wa kununua pamba, mtu wa viatu vyeusi na kalamu mfukoni. Naye alikitaka kiwanja hicho hicho ajenge ghala. Mimi baba mkwe aliniita “mtu wa spana”. Ng'ombe za mahari nilizitoa zote, asije mtu akadhani vingine. Ila zizi langu mwenyewe lilikuwa tupu, na kwa mzee kama yule mwanamume asiye na zizi ni mgeni tu duniani.

Basi mwaka ule pamba ilipata bei, mzee akauza pamba, akauza na ng'ombe, akaenda mnadani akanunua gari. Si gari dogo, ni shangingi, la mradi mmoja uliokuwa umefungasha. Jeupe, refu, vioo vya nyuma vyeusi ti, ukikaa ndani unaona watu, wao hawakuoni. Kijiji kizima kilikwenda kulishika. Jioni ikaja hoja, gari lilale wapi? Mzee hakufikiri hata kidogo. Akafungua lango la zizi, akamwambia dereva aliingize katikati ya ng'ombe.

Dereva akasema, “Mzee, humo mna mavi.”

“Mali yangu yote inalala humo,” mzee akamjibu. “Hili ni nani hata lilale peke yake nje kama mbwa?”

Wala msimcheke. Kwetu ndivyo ilivyo, mali inalala zizini, na zizi ndilo lenye miiba na ulinzi. Wazee wengi wangefanya vile vile. Kosa lake ni kumsahau dume. Alfajiri lile dume kubwa lilipoamka likaona kwenye kioo cheusi dume jingine limesimama, nalo linalitazama. Likakwaruza ardhi, la pili likakwaruza. Likainamisha pembe, na lile nalo likainamisha. Waliokuwepo wanasema lilirudi nyuma hatua chache, kwa adabu kabisa, halafu likakiendea kioo mbio. Kioo cha ubavuni, cha nyuma upande wa kushoto, kikamwagika chote ndani ya gari. Dume likabaki limeshangaa, adui ametokomea wapi? Mimi nililionea huruma, maana nami najua ilivyo kukutana na kioo bila kuonywa.

Nikaitwa. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, mkwe mwenzangu amesimama na kalamu yake.

“Hicho ni cha kupeleka Mwanza,” mwenzangu akasema kabla hata sijasalimia. “Kuna mafundi wa vioo kule wenye mitambo. Hapa mtakifunga kwa gundi ya ulimbo.”

Nikasema, “Mwangaluka baba.” Mzee akaitikia. Nikalizunguka gari. Mpira unaoshika kioo kwenye bati ulikuwa mzima, haukukatika. Nikajua moyoni, hii kazi yangu.

“Nitakifunga hapa hapa,” nikasema. “Kioo nitakifuata Mwanza mwenyewe.”

Mwenzangu akacheka. “Shemeji, hiki si kioo cha lori la ushirika!”

Mzee akanigeukia. Akasema, na mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko anasikia, na mwenzangu anasikia, “Ukikifunga kikakaa bila ufa, kile kiwanja cha barabarani chako.”

Sikulala vizuri. Kesho yake nikapanda basi. Mwanza nikatembea kwa wauza vyuma chakavu mpaka nikapata chenyewe, cheusi, cha upande ule ule. Nikakizungushia blanketi la mke wangu, nikakipakata njia nzima. Lamadi abiria mmoja mchuuzi wa samaki akataka kuweka tenga lake mapajani pangu. “Baba, pakata na hili, hicho kitoto chako kimelala.” Nikamwambia hiki kitoto kikiamka tutalia basi zima. Hapo hapo Lamadi nikanunua uzi mnene wa nailoni, ule wa kushonea nyavu.

Kazi yenyewe iko hivi. Kioo unakivisha mpira wake kuzunguka. Kwenye mfereji wa mpira unapitisha uzi, ncha mbili zinakutana chini. Unapaka maji ya sabuni, unakiweka kioo kwa nje, unakibana kwa viganja. Mtu wa ndani anavuta uzi pole pole, na kila anapovuta, mdomo wa mpira unaruka juu ya bati na kulikamata. Wa nje anabana, wa ndani anavuta. Mtu mmoja hawezi, hata awe nani.

Na siku niliyofika na kioo, watu wote walikuwa shambani wanachuma pamba. Mke wangu alikuwa mjini, kajifungua majuzi. Pale nyumbani alibaki mzee na mama mkwe. Mzee akasema yeye atavuta. Akajipenyeza kiti cha nyuma kwa shida, maana alikuwa mtu wa tumbo. Nikamwambia, “Baba, taratibu, kama unatoa mwiba.” Akavuta kama anavuta fahali kutoka matopeni! Uzi ukatoka wote kwa mkupuo, mpira haukukamata popote, na kioo nikakidakia kifuani. Tukarudia. Akavuta vile vile. Kona ya kioo ikagonga bati, nikasikia mlio. Nikapapasa kote. Hakikuwa na ufa.

“Baba, tukirudia tena kinapasuka,” nikamwambia.

“Basi mwenzako alisema kweli,” akajibu, akatoka garini akihema.

Nikasimama na kioo mikononi, na kiwanja nakiona kinaondoka.

Hapo mama mkwe akatoka jikoni. Sasa niwaeleze wasiojua. Kwetu, huko bukwilima, ukweni, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hampeani mikono, hamkai pamoja, mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Tangu nioe sikuwahi kumtazama usoni, wala yeye mimi. Ni heshima, na tuliishika. Yule mama alikuwa msusi wa vikapu. Akajitanda khanga mpaka machoni, akapita mbali nami, akaingia garini kwa mlango wa upande mwingine, akakaa akinipa mgongo nusu. Akamwambia mumewe, “Mwambie mkwe wako aweke kioo chake.”

Mzee akanigeukia, nami nipo hapo hapo nasikia. “Anasema uweke.”

“Mwambie nashukuru,” nikasema. “Mwambie aanzie chini, avute kuelekea katikati ya gari.”

“Anasema uanzie chini.”

“Nimesikia, mimi si kiziwi,” mama akasema, kwa mumewe.

Tukaanza. Kioo ni cheusi, simwoni, naona sura yangu tu na jasho langu. Lakini nilimsikia kwa viganja. Alivuta kidogo, akangoja. Akavuta, akangoja. Mpira ukawa unaruka mdogo mdogo, tap, tap, ukikamata bati. Chini ikamalizika. Ubavu wa kulia ukamalizika. Sijawahi kufanya kazi na mtu wa namna ile, hata kule ushirika. Mzee alikuwa anatutafsiria maneno ya lugha moja, yuko nyuma kila mara, mwisho akaacha.

Kwenye kona ya juu mpira ukajikunja. Mimi sikuona, nikapiga kiganja.

“Acha kupiga!” mama akapaza sauti. “Umejikunja! Subiri, baba, subiri nikunjue!”

Aliniambia mimi, si mumewe. Mzee akatazama pembeni. Nikasikia kidole chake kinaukunjua mpira kwa ndani. Halafu akasema, sasa kwa sauti ya chini, “Bana.” Nikabana. Akavuta kipande cha mwisho, uzi ukatoka wote, kioo kikakaa.

Nikakigonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka kote. Kilitoa sauti moja, nzito. Nikamwomba mzee amwage ndoo ya maji. Akamwaga. Mama akapapasa ndani, akasema, “Pakavu.” Gari lile liliuzwa baadaye kwa mtu wa Kiloleli, na nasikia mpaka linachakaa kioo kile hakikuwahi kuvuja. Nimefunga vioo vingi tangu siku ile, vya magari ya wakubwa, hata vya mabasi. Nikiulizwa kazi yangu bora ni ipi, sisiti. Ni kile, na nusu yake si yangu, ni ya yule mama.

Mama akateremka upande wake, akarudi jikoni bila kugeuka. Mimi nikakusanya vitu vyangu, nikangoja mzee aseme. Akasogea karibu na gari. Akawa anajitazama kwenye kioo, anavuta ndevu.

Nikasema, “Baba, kile kiwanja.”

“Mkwe,” akasema, “mwenzako amekwisha mwaga mawe ya msingi pale.”

“Tangu lini?”

“Tangu juzi, ulipokuwa Mwanza.”

“Na ahadi yako kwangu?”

Hakunificha, hilo nampa. Akasema, “Nilijua kioo hakitaingia.”

Nikafunga mfuko wangu wa spana. Akaonyesha zizi kwa fimbo. “Ingia humo, chagua mtamba. Mzuri, unayemtaka. Uanze zizi lako.”

Mtamba kwa Msukuma si kitu kidogo. Ni maziwa, ni ndama, ni kuitwa mtu. Wapo ndugu zangu ambao mpaka leo wananiona mjinga kwa kumkataa siku ile. Tangu hapo mke wangu alikuwa akienda kwao peke yake na watoto, sikumzuia hata mara moja, na zawadi nilimfungia. Lakini mimi nilikuwa nimemsikia yule mzee. Aliweka kiwanja kama mtu anayecheza na mtoto, kwa kuwa aliona kazi yangu haiwezekani, na kazi yangu ilikuwa imesimama mbele yake, inang'aa, maji yanateleza juu yake.

Nikatoa kitambaa mfukoni. Nikafuta alama za viganja vyangu kwenye kioo, zote, mpaka kikawa safi. Nikamwambia mzee, “Ng'ombe asilale tena na gari.” Nikaning'iniza mfuko wa spana begani, nikapita mbele ya jiko, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, nikashika njia ya Bariadi kwa miguu. Sikurudi tena.