Turkmenistani ya Ghorofa ya Tisa

Mlango wa flati ya madam ulikuwa unafunguliwa kwa namba, na mimi namba sikupewa. Kutoka ningeweza, kurudi ndani sasa! Basi nikakaa humo miezi kumi na moja, Al Garhoud, ghorofa ya tisa, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilikuwa zinapita chini kiasi kwamba nilikuwa nawapungia abiria kwa tambara la kufutia vioo. Kila mtu anaondoka Dubai, mi nafuta vioo.

Madam ametoka Turkmenistani. Mwanzoni sikujua kama kuna nchi inaitwa hivyo. Shule yetu ya msingi ilikuwa na ramani moja, panya walishakula Asia nzima. Alikuwa na binti wa miaka sita, mtoto mjanja, mdomo kama wangu, ila anajua Kiingereza tu. Bibi yake kule kwao akipiga simu ya video wanabaki kutazamana kama samaki. Bibi analia, madam naye analia chooni.

Ndo madam akanunua masomo ya Kiturkmeni kwa wanaoanza, yako kwenye tableti. Somo la kwanza ni sehemu maarufu za nchi yao. Inakuja picha ya shimo kubwa linawaka moto jangwani, sauti inasema, "Bu Derweze." Maana yake, hii ni Derweze. Unarudia. Kuna ziwa la maji moto chini ya ardhi, Köw Ata. Kuna milima ya Köpetdag, kuna magenge ya rangirangi ya Ýangykala, kuna mnara mrefu wa Köneürgenç, na kaburi la sultani huko Merw. Sita. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha mtoto kitini asikimbie.

Sasa wiki hiyo mdogo wangu akanitumia ujumbe. Alikuwa mhudumu wa mgahawa Al Rigga, mkataba umeisha, Jumatatu anarudi Tanzania. Al Rigga na Al Garhoud ni pua na mdomo, na tangu aje sijawahi kumuona. Nikamfuata madam, nikaomba Jumapili.

"Ijumaa mama yangu anapiga," akasema. "Mtoto akitaja sehemu zote sita, Jumapili unatoka. Asipotaja, khalas."

Yaani mdogo wangu kashikwa na mtoto wa miaka sita.

Nikaenda kwa mtoto na tabasamu lote nililonalo. (Sisi tulikuwa tunaongea Kiingereza chetu kilichovunjika, hapa nakiunga.)

"Haya mpenzi, sema Derweze."

"Sitaki. Ni picha tu. Hata hazinuki."

Nikawaza, kumbe unataka kinachonuka? Nikamshika mkono mpaka jikoni, nikawasha oveni, nikaifungua. "Bu Derweze!" Macho yakamtoka. Bafuni nikajaza maji ya moto kwenye beseni, taa nikazima: "Bu Köw Ata!" Rundo la nguo za kupiga pasi likawa Köpetdag, na lilikuwa mlima kweli. Kabati la viatu vya madam, rangi zote, Ýangykala. Taa ndefu ya sebuleni, Köneürgenç. Siku tatu mtoto anazunguka nyumba nzima anapiga kelele, na mi nyuma yake kama mwongoza watalii.

Ikabaki moja. Mtoto akasimama mlangoni kwangu. Chumba changu kilikuwa stoo isiyo na dirisha, pembeni ya mashine ya kufulia, ukilala miguu inagusa ukuta.

"Anti, na hapa?"

Mdomo wangu hauna breki. "Hapa Merw, kaburi la sultani. Mtu akilala humo hatoki."

Tukacheka wote wawili.

Ijumaa bibi akapiga. Kwenye simu lilionekana paji la uso na kitambaa. Akauliza, "Derweze nirede?" Derweze iko wapi? Kwenye somo unatakiwa ujibu jangwani. Mtoto akamnyang'anya mama yake simu, mbio jikoni, akafungua oveni. "Bu Derweze!" Bibi akacheka mpaka kitambaa kikateleza. Bafuni. Nguo. Viatu. Taa. Mi niko kwenye sinki nahesabu kimoyomoyo, tano, tano, bado moja. Halafu nikaona anaelekea wapi.

"Hapo bado, mpenzi! Hapo sijafagia!"

Kashafungua. "Bu Merw!" Akaegemeza simu mlangoni, akalala kitandani kwangu, akafumba macho, akakunja mikono kifuani, kisha akaninyooshea kidole mimi.

Bibi akaacha kucheka. Simu ikabaki inatazama ukuta. Kisha akauliza polepole, "Penjire nirede?"

Hilo neno halikuwepo kwenye somo, nililisikia kwa madam akinionyesha vioo vya kufuta. Penjire ni dirisha.

Madam akachukua simu, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango. Nilisikia sauti ya bibi tu. Aliporudi macho mekundu.

"Nyumba yangu kaburi?"

"Mchezo tu, madam. Ila sita zimetimia."

Akarudi chumbani. Jumamosi ikapita. Jumapili baada ya chakula akaja na miwani ya jua usoni. "Masaa mawili. Na mtoto unaenda naye."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mgahawa. Akatuangalia, akaangua kicheko. "Shikamoo dada! Ndo umezaa huku?"

"Marahaba. Nimezalishwa na mkataba."

"Na umenenepa!"

"Kufungwa kuna wali mwingi."

Tukamnunulia mtoto chipsi. Tukaongea habari za mama, za nyumba, za nani kaolewa na mwanaume gani bahili. Madam akanipigia simu mara tatu. Mtoto alishiba, akanilalia mapajani na mdomo wazi, kazito kama gunia.

Mdogo wangu akainuka, mizigo hajafunga. "Inuka basi dada, nikukumbatie."

"Siwezi. Ataamka, atalia, nitaulizwa."

Akazunguka nyuma ya benchi, akanikumbatia shingo huko huko nyuma. Uso wake sikuuona. Nilihisi tu kola yangu inalowa, nikamwambia aache kunichafulia sare.