Ziara Moja Kila Mwezi

Nyumba ya wageni niliyofanyia kazi Kilwa Masoko ilikuwa ya serikali hadi ilipouzwa. Aliyeinunua aliishi Dar es Salaam, na kwa muda wote niliokuwa pale alikuja mara mbili tu: mara ya kwanza kuonyesha rangi anayotaka ipakwe, mara ya pili kuleta kompyuta. Akanikabidhi mimi, kwa kuwa kwenye barua yangu ya maombi nilitaja kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Kompyuta ikawekwa katika kijumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya magodoro, na juu ya bati likafungwa dishi la intaneti.

Kazi yangu ilikuwa kuita wageni. Tulikuwa na tovuti, na tajiri alilipia matangazo huku na huku: kwenye tovuti ya gazeti, kwenye orodha ya hoteli za pwani. Mimi nilituma barua pepe kila mwanzo wa mwezi kwa watu waliowahi kulala kwetu.

"Nataka kujua wanatokea wapi," tajiri aliniambia kwenye simu. "Sitaki kurusha jiwe gizani."

Ndipo nikajifunza kuweka alama kwenye viungo. Anwani ya tovuti ni ileile, ila mwishoni unaongeza kiulizo na maneno yako: hiki cha gazeti, hiki cha orodha, hiki cha barua ya mwezi huu. Anayebofya anafika ukurasa uleule kama wenzake, lakini ripoti inakuambia kapitia mlango gani. Mwanzoni niliharibu. Wiki moja niliandika Gazeti kwa herufi kubwa, wiki ya pili kwa herufi ndogo, ripoti ikanihesabia magazeti mawili. Nikanunua daftari, nikawa naandika kila alama kabla ya kuitumia.

Wenzangu pale, mpishi, mlinzi na mama wa usafi, walikuwa wenyeji. Walizungumza Kimatumbi wakiwa jikoni, na kazi ikiisha kila mmoja alikwenda kwa watu wake. Mimi ni Mmwera wa Nyangamara, na chumba changu kilikuwa hapohapo kazini. Masika barabara ilipokatika wageni hawakuja kabisa. Zilipita siku ambazo nilichosema ni shikamoo na asante tu.

Nilikuwa na kaka mmoja. Alikwenda Afrika Kusini nikiwa sekondari. Mama alipofariki hakuweza kuja kumzika; aliandika barua pepe ya mistari miwili ya kuomba radhi, tukamjibu, na baada ya hapo kimya. Baba sikumsikia akimlaumu. Kila nilipopiga simu aliuliza tu, "Kaka yako kasemaje?"

Basi mwezi mmoja nikaingiza anwani ya kaka kwenye barua ya wageni. Yake niliiandika peke yake. Juu ya tangazo nilimweleza habari za nyumbani: mikorosho imechanua, paa la jiko limeezekwa upya, kaburi la mama limejengewa. Chini nikaweka kiungo cha tovuti chenye alama yake, *kaka*, nikimwambia abofye aone ninapofanya kazi.

Ripoti ilipokuja, niliona safu ya gazeti, ya orodha, ya barua, na mwishoni kabisa: *kaka*, ziara moja.

Nilitoka nje nikasimama uani. Kisha nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Baba, kaka kaifungua barua yangu."

"Kaandika?"

"Hajaandika. Ila kafungua. Kompyuta inaonyesha."

"Basi yu hai," akasema. Nikamsikia akiwaambia waliokuwa naye barazani, na sauti yake ilikuwa na kicheko ambacho sikukisikia tangu msiba.

Mwezi uliofuata, ziara moja. Uliofuata tena, moja. Kuna mwezi zikawa mbili, na baba akasema, "Katukumbuka." Mimi nami nilianza kuishi kwa ajili ya safu ile. Nilikuwa na mtu wa kumwandikia, na mtu huyo alikuwa anakuja, anatazama, anaondoka bila kubisha hodi. Niliona inatosha.

Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha tajiri alipomtuma fundi wa kompyuta kutoka Dar. Alikuwa mtu mpole, ameoa karibuni, akimtaja mkewe kila baada ya sentensi mbili. Alipitia ripoti zangu akanisifu.

"Ila, dada, hizi linki ukishazitengeneza huwa unazijaribu?"

"Zote. Nabofya nione kama zinafunguka, ndiyo nazituma."

"Hapo unajihesabu mwenyewe. Kwenye gazeti haionekani, watu ni wengi. Ngoja tuitoe kompyuta hii kwenye hesabu." Akashuka hadi chini ya ripoti. "Kama hii *kaka*. Ziara zote zimetoka Tanzania, tena dakika chache kabla hujatuma barua. Ni wewe. Lilikuwa tangazo gani?"

"La majaribio," nikamwambia.

Mwezi wa ziara mbili niliukumbuka. Mtandao ulikatika, nikabofya tena.

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Nikapanda basi Nangurukuru hadi Lindi, kesho yake nikafika Nyangamara. Baba alikuwa shambani akiokota korosho. Nikamwamkia, nikainama kuokota pamoja naye. Hakukawia kuuliza.

"Mwezi huu kafungua?"

Njiani nilikuwa nimeandaa jibu jingine. Nikamwambia, "Baba, alikuwa si yeye. Nilikuwa mimi. Nilikuwa naujaribu mlango kabla ya kumtumia, mashine ikanihesabu mimi."

Aliendelea kuokota mpaka akamaliza chini ya mti ule, akahamia wa pili. Nilimfuata. Nilitaka anigombeze.

"Miezi yote?"

"Yote, baba. Nisamehe."

"Hukujua," akasema. Baada ya kitambo akaongeza, "Usiache kumwandikia."

Sikuacha. Nilituma bila kujaribu kiungo, na safu ya *kaka* haikutokea tena kwenye ripoti. Mashine haiandiki mtu ambaye hakuja. Niliandika karibu mwaka mzima. Halafu barua moja ikanirudia asubuhi ileile, na maelezo kwamba anwani ile haipo tena.

Nilimpigia baba nikamweleza.

"Haya," akasema. "Na wewe umekula?"

Nilikuwa sijala. Nikamwambia nimekula.