Karani na Jina la Baba Mkwe

Jumamosi iliyofuata Pasaka tulimzika baba mkwe wangu hapa Kisondela. Yeye ndiye aliyenifikisha ofisini, ingawa sikuwahi kumtazama usoni.

Siku yangu ya kwanza ya ukarani wa kijiji nilikabidhiwa kalamu na daftari la muhtasari, yaani maandishi ya mkutano: nani kasema nini, na nini kimekubaliwa. Elimu yangu ni darasa la saba. Wazazi wangu walichuma chai, tukaishi kambini. Mwenyekiti alinionya, "Andika walichosema, binti. Siyo ulichopenda waseme."

Kwenye mkutano mkuu uliofuata alikuja katibu tarafa, akitafuta mtu wa kupendekeza awe Mtendaji, msimamizi wa shughuli za serikali kijijini. Labda mimi! Mtoto wa kambini! Nilisimama kwa furaha, nikasoma muhtasari wa mkutano uliopita mbele ya watu wote. Ghafla nikakwama. Msemaji aliyefuata alikuwa baba mkwe, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtaji baba mkwe wake kwa jina, wala hakutani naye uso kwa uso. Kuliandika nilithubutu. Kulitamka, hapana.

"Wa kambini huyo, kusoma atajulia wapi!" mzee mmoja akadakia. Watu wakacheka.

Ningeweza kuyaruka maneno yake. Lakini ni yeye aliyepinga eneo la zahanati kugawiwa watu. Kuruka kungekuwa uongo.

Ndipo nyuma ya umati mtu aliyejifunika koti kichwani, kanipa mgongo, akapaza sauti: "Hapo ni mimi! Endelea."

Nikaendelea. Kila nilipofika kwake nilinyamaza, naye aliitika, "Mimi tena!" Mara ya nne uwanja mzima uliitika naye, "Mimi tena!" Vigelegele!

Katibu tarafa akaniuliza, "Mama, hukuruka hata neno?"

"Hata moja, mzee."

"Basi jina nitakalolipeleka wilayani ni lako."

Nikawa Mtendaji wa kijiji, baadaye wa kata, hadi nilipostaafu. Nilikosea mara nyingi, na makosa yangu yamo kwenye muhtasari, kwa mwandiko wangu.

Msibani nilipewa wasifu wa marehemu nisome. Nilipofika kwenye jina nikanyamaza, nikisubiri, kama nilivyozoea.

Wazee waliokuwepo siku ile ya mkutano wakaitika, "Ni yeye hapo! Endelea, mama."

Nikaendelea.