Shilingi ya Simba

Mcha, fundi wa makufuli wa Jang'ombe, hakuwa na uganga hata chembe. Alikuwa na jiliwa la kubania vyuma tu. Nyumbani akikunja shilingi kwa jiliwa, na harusini akiificha kiganjani. Akiomba shilingi ya mtu, akiipuliza, akitoa ile aliyokwisha kuikunja; watu hoi, naye kichwa kikimvimba.

Mfunguo Mosi ule, mwezi unaofuata Ramadhani, miezi michache baada ya fedha mpya kutoka, alimwomba Bi Mwanaasha, bibi yake bi harusi. Akapewa shilingi mpya, ya mwenge. Akapuliza, akafumbua kiganja. Shilingi iliyokunjika ilikuwa ya zamani, ya simba! Mpumbavu yule alisahau kuwa akiba yake yote aliikunja kabla fedha hazijabadilika.

"Siyo hiyo!" mtu akapiga kelele.

"Ndiyo yangu," akasema Bi Mwanaasha, akaichukua na kuifunga kwenye pindo la kanga. "Nimempa ya simba."

Nani angembishia? Mtaa mzima haukupata kumsikia akisema uongo. Vigelegele vikarudi, na Mcha akatamani ardhi immeze.

Watu walipotawanyika, alimfuata mlangoni na ile shilingi mpya.

"Shikamoo, Bi. Ahsante kwa kunisitiri. Shilingi yako hii."

"Marahaba. Siwezi kuipokea, mwanangu. Nshasema mbele ya watu kuwa yangu ni ya simba."

Mcha akainama.

"Na leo nimefunga," akaongeza bibi taratibu. "Ya mwisho katika zile sita za Mfunguo Mosi, na saumu haitaki uongo."