Lita Nne za Mukasine

Kwa miaka mitatu Mukasine alikoroga maji ya kijani. Kila asubuhi aliteremka kutoka Cyanzarwe hadi kwenye mabwawa ya saruji pembeni mwa Gisenyi, akashika mti mrefu na kuyazungusha maji ili mwani, ule ute wa kijani unaotanda kwenye maji yaliyotuama, upate jua. Mwani ukinenepa, aliuchuja kwa kitambaa na kuuanika juu ya mabati. Kisha Connie, mkemia aliyekulia Mwanza, aliukamua mafuta na kuyapika mpaka yakawa dizeli.

Kazi ilivunja mgongo na mavuno yalikuwa haba. Miaka mitatu, lita nne. Connie alizifungia kabatini katika chupa za glasi, mafuta mazito yenye harufu ya sombe, majani ya muhogo, iliyoungua. Mukasine alikuwa akifungua kabati lile mara kwa mara ili ayatazame tu.

Siku moja wageni walivuka mpaka kutoka Goma, upande wa Kongo. Walitaka kuona kabla ya kuufadhili mradi. Mkuu wa mradi, Karekezi, alivaa suti, na mbele ya jenereta aliweka jerikani la njano limejaa mpaka shingoni.

"Haya yote yametoka kwenye mabwawa yetu," aliwaambia.

Mukasine alisogea, akafungua kifuniko, akanusa. Dizeli ya kituo cha mafuta, ile waitayo mazutu. Damu ilimpanda kichwani. Alimgeukia Connie, Connie akainamisha macho.

"Shefu," Mukasine akasema, kwa Kiswahili alichokiokota akiuza mboga Goma, "hii mazutu haiko yetu."

"Mama, rudi kwenye kazi yako."

"Kazi yangu ni hii! Mi nimekoroga ile maji miaka tatu, mikono yote imepasuka. We unaenda kununua ya wengine, unasema ni yetu? Yetu unaionea haya?"

Wageni waliacha kuandika. Karekezi alicheka kikavu. "Msameheni huyu. Ni mtu wa kukoroga tu, haya hayajui."

Mukasine aliingia ndani, akarudi amekumbatia chupa nne kifuani.

"Yetu ni hii. Litre ine. Iko kidogo, lakini ni ya kweli. Mutu aitie kwa mashini, muone!"

Karekezi alimkamata mkono. Mukasine akajinasua kwa nguvu. Ndipo Connie alipochukua chupa moja, akafungua tangi la jenereta lililokuwa bado tupu, akamimina. Akavuta kamba. Jenereta ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikakohoa tena, ikashika na kunguruma.

Mgeni mmoja, mama mwenye boti za mizigo ziwani, alimtazama Karekezi. "Donc, ile ine inatumika. Sasa uwongo ilikuwa ya nini?"

Wageni waliondoka bila kutia saini. Mwezi haukuisha, mradi ukafungwa na mabwawa yakakaushwa. Karekezi alipata kazi nyingine Kigali, na hilo ndilo lililomchoma Mukasine kuliko yote. Yeye alirudi mpakani kuuza karoti.

Huko ndiko Bizumuremyi alikomkuta. Walikuwa wamekoroga bwawa moja, na tangu siku ya wageni hakuwa amemsalimu.

"Ungenyamaza, leo tungekuwa kwa kazi," alisema.

"Ninyamaze? Siku wangejenga kiwanda wakakosa mafuta, nani angefungwa? Shefu? Ni mi na we, wenye kushika ile miti!"

"Na watoto yangu, Mukasine? Itakula huo ukweli?"

Mukasine alimsukumia mafungu mawili ya karoti mikononi, bila kumtazama usoni, kisha akamfokea mteja aliyefuata, ambaye hakuwa amekosa lolote.