Najat wa Buswelu na Leseni za Seva

Mimi Dorotea sipendi mtu mkimya, na Najat Yahaya, karani wa tawi letu la Buswelu, alikuwa mkimya kupita kiasi. Anafika saa moja kamili, anakunja kile kitambaa anachofunikia kibodi, anapiga kazi, anaenda kuswali, anarudi, jioni huyo nyumbani. Miaka sita sijamsikia akimsema mtu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawa nawaambia wenzangu makao makuu.

Basi mwezi wa sita shetani akaingia. Sisi tunauza dawa kwa jumla, na matawi yote yanafanya kazi kwenye seva moja, kompyuta kuu iliyoko kwetu makao makuu Kirumba. Karani wa mbali anaingia humo kwa mtandao. Jumatatu tawi la Magu wakafungiwa nje. Seva inawaambia hakuna pa kupata leseni. Alhamisi, Buhongwa. Wiki iliyofuata, mapokezi yetu wenyewe. Buswelu? Buswelu wanapeta tu.

"Bosi, fungua macho," nikamwambia Bwana Chenge. "Kuna mtu anazima wenzake mmoja mmoja."

"Ili iweje?"

"Si anautaka ukarani mkuu?"

Haki ya Mungu niliamini. Chenge naye akaamini. Akamwita Najat, akamsimamisha kazi: asiposema alichofanya hadi Ijumaa, asirudi tena. Najat alijibu mara moja tu. "Mimi seva siijui, bosi." Nikaguna kwa dharau, tena mbele yake. Mdomo wangu huu!

Alhamisi akaja fundi Owiti. Hakuuliza nani ana wivu na nani. Alisoma kumbukumbu za seva, kisha akatuita. Kila kompyuta ya karani hupewa leseni ya muda, akasema, miezi miwili na ushee, na siku hazilingani. Ikikaribia kuisha inaomba nyingine. Anayezigawa ni kompyuta tofauti kabisa na seva hii, na hiyo haijibu tangu mwisho wa Machi.

"Leseni ya Buswelu inaisha Jumapili," akasema. "Huyo dada naye angefungiwa nje kama wenzake."

Akafuata waya wa mtandao hadi chini ya ngazi. Waya ulikuwa unaning'inia, hauna kitu. Nikakumbuka Machi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa tunafanya usafi, na msimamizi ni mimi. Pale palikuwa na mashine kuukuu, haina kioo, haina mtu, inanguruma kutwa. Mie nikaona takataka. Nikaichomoa kwa mkono wangu, nikaitupia stoo nyuma ya maboksi ya glavu.

"Ni mimi," nikasema. Chenge alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Owiti akairudisha, akaichomeka, na kabla ya saa sita Magu walikuwa ndani. Ijumaa Najat akaitwa arudi kazini, nami nikaenda Buswelu kumrudishia funguo za tawi. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, roho inaniuma kweli kweli.

"Nimesikia, dada," akasema.

Nikatoka, nikanunua chai ya maziwa kwa mama wa jirani, vikombe viwili, nikamwekea chake mezani.

Najat hakukigusa. Alinitazama, kisha akakisukuma taratibu upande wangu.

"Onja kwanza wewe," akasema.