Mwatumu na Unga wa Mkandaa

Mwatumu binti Mwinjuma bin Mdoe, wa Mkwaja kwa kuzaliwa na wa Tanga kwa kuolewa, alikuwa mjukuu wa Mwanamkasi, aliyezichemshia nyavu za kijiji kizima magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, zisioze, na binti wa mama aliyemfukuza kwa mwiko wa moto karani wa misitu aliyekuja kumdai kibali cha kuni. Yeye mwenyewe alizika waume wawili, akamlea mwana mmoja, Mbwana, dereva wa lori, na akayafanya matairi ya Tanga yasipasuke. Hilo la mwisho ndilo watu wamelisahau, au wanalikumbuka vibaya.

Ulikuwa wakati wa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na tairi hata foleni halikuwa nayo, kwa kuwa halikuwako. Moiz Esmailji alikuwa na karakana nyuma ya soko, akichukua matairi yaliyokwisha meno na kuyavisha mpira mpya. Mpira wenyewe haukuwa taabu, ulitoka mashamba ya chini ya Amani. Taabu ilikuwa ule unga wa Ulaya wa kuchanganya ndani yake ili usizeeke. Fedha za kigeni zilipokwisha, unga nao ukakoma, na matairi ya Moiz yakawa yanapasuka kama nyayo za mkulima.

"Hewa inaula mpira kama kutu inavyokula chuma," Moiz aliwaambia madereva waliokuja kumtukana. "Mimi nifanye nini?"

Mbwana alikuwa mmoja wao. Aliporudi nyumbani akilalama, mama yake alivua makatambuga yake, vile viatu vya tairi alivyovaa miaka yote akisimama kando ya chungu cha mkandaa, vikirukiwa na ile rangi nyekundu. Akavikunja mbele ya mwanawe. Havikuwa na ufa. Vya Mbwana, vilivyokatwa katika tairi lile lile, vilikuwa vimechanika kila mahali.

"Twende kwa huyo Mhindi wako," akasema.

Moiz alicheka kwanza, lakini hakuwa na njia nyingine. Mwatumu akachemsha magome mpaka maji yakawa mazito kama asali, akayaanika kwenye masinia, akatwanga. Moiz akauchanganya ule unga mwekundu na mpira, akaupika. Ukatoka mgumu kama jiwe. Wakapunguza. Ukatoka unanuka. Wakaongeza, wakapunguza tena, mpaka likapatikana tairi lililofungwa kwenye lori la Mbwana, na masika na kiangazi vikapita juu yake bila ufa.

Basi Mwatumu akapewa banda uani mwa karakana. Akipita sokoni wakimwita Mama Tairi, naye akiitika kwa kidevu tu. Sharti lake lilikuwa moja, la bibi yake: mkandaa umeota ndani ya chumvi, kwa hiyo gome lioshwe na lichemshwe kwa maji ya kisima. Maji ya hori, yale ya bahari yanayoingia mikokoni, yasiguse chungu.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Matairi ya mitumba yakaanza kumiminika kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, na wateja wa Moiz wakapungua. Siku moja akaingia bandani.

"Bibi, unga hautoshi. Mitumba ni rahisi; ili nishushe bei lazima nitoe matairi mengi. Nataka mara mbili ya huu, upesi."

"Kisimani kuna foleni, Moiz. Wanawake wa mtaa mzima wako pale."

"Hori liko hapo chini. Halina foleni."

"Lina chumvi. Chumvi huvuta unyevu. Unga ukishika unyevu, mpira wako utaumuka kama mkate na hautashikana na tairi."

"Wewe umesomea mpira wapi?"

"Palepale uliposomea wewe kuja kuniomba."

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Moiz akaiva uso. "Toka," akasema. "Toka na mwiko wako."

Akatoka, kichwa juu. Aliyechukua nafasi yake alikuwa Mwanasiti, mke wa Mbwana, aliyekuwa akimsaidia kutwanga. Jioni yake alikuja kupiga magoti mlangoni.

"Mama, nyumbani hakuna kitu. Mbwana hapati safari."

"Unachemsha kwa maji gani?"

Mwanasiti akatazama chini.

"Jibu. Una ulimi."

"Ya hori, mama. Ndivyo alivyosema."

"Vizuri. Chemsheni."

Alichotaka Mwatumu ni aibu. Alitaka matairi ya Moiz yachunike hadharani, Moiz aje amevua kofia, aseme bibi rudi, naye amwache asimame juani. Akakaa barazani kuingoja siku hiyo kama watoto wanavyongoja Idi.

Akaja Mbwana badala yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimepata safari ya Horohoro! Tumefunga matairi ya mbele mapya, ya Moiz. Niombee dua."

Mwatumu alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Muulize mkeo kayapikia maji gani."

Mbwana akacheka. "Ninyi wawili na vyungu vyenu! Mtapatana lini?" Akangoja kidogo, kama mtu anayedhani kuna zaidi. Mama yake akarudi kwenye mchele. Lori likanguruma mtaani, na Mwatumu akajiambia kwamba tairi litachunika polepole, palepale Mabokweni, nje kidogo ya mji, na mwanawe atarudi na hasira za kummaliza Moiz.

Lilichunika karibu na Duga, kwenye mteremko, lori likiwa kasi. Ngozi ya tairi ilichomoka nzima kama soksi. Lori likalala ubavu, na mguu wa kushoto wa Mbwana ukabaki chini yake. Hospitali walimalizia kuukata juu ya goti.

Aibu ilikuja kweli, ila iligonga mlango mwingine. "Ni magugu ya yule bibi," Moiz alisema soko zima. "Kosa langu ni kumwamini mwanamke wa nyavu." Akafunga karakana, akaanza kuuza mitumba ya Horohoro, akanenepa. Kisimani wanawake wakampisha Mwatumu kwa kejeli: "Pita, Mama Tairi. Mguu umeuacha wapi?"

Mbwana alimuuliza mara moja tu.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia nimuulize mke wangu."

Baada ya hapo alimpa shikamoo na si zaidi.

Mwatumu akayakata makatambuga yake, akatengeneza mpira wa kuvisha chini ya gongo alilotembelea mwanawe. Kila ulipoanza kukauka aliuloweka upya kwenye mkandaa. Miaka ikaenda hivyo. Alipoanguka kitandani na kujua hainuki tena, alimwita Mwanasiti.

"Chukua mwiko. Chungu kiko uani. Mpira wa gongo ukipasuka, atateleza kwenye sementi."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua, tusingekuwa hapa."

Mwanasiti akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Nawe ungesema, tusingekuwa hapa."

Mwatumu akafumba macho. Akausukuma mwiko juu ya shuka mpaka ukagusa magoti ya mkaza mwanawe.

"Utachemsha kwa maji gani?"

"Ya kisima."

"Sema kwa nguvu, asikie aliye barazani."

"Ya kisima!"

Nje, gongo likagonga sakafu, likatulia.

"Kesho uende alfajiri," akasema Mwatumu. "Kabla hawajapanga foleni."